Usukani unaolia

Kimya cha wiki mbili kimeletwa na gari, si kompyuta.

Sisi wa Lamu mjini magari tunayaacha Mokowe, kisha tunavuka kwa boti. Langu ni Corolla ya zamani yenye pampu ya usukani. Nikikata kona lilikuwa likilia kama ng'ombe. Fundi akasema pampu imekufa, niagize nyingine Mombasa. Nusura nitume pesa, na zilikuwa za karo.

Kwenye programu sibadilishi kitu kabla ya kusoma logi. Hapa logi ni kikopo cha mafuta ya usukani. Nikakifungua: povu tupu! Povu ni hewa, na pampu ikivuta hewa hulia. Lakini nje hapakuwa na tone. Kumbe paipu ya mpira inayotoka kikoponi kwenda kwenye pampu inanyonya. Ikilegea huweza kuingiza hewa bila kuvuja. Klipu yake ilikuwa imeliwa na kutu (chumvi ya huku mnaijua).

Nikafunga klipu mpya, nikatia ATF, nikainua magurudumu ya mbele. Injini ikiwa imezimwa, nikazungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, kama mara 20, nikiongeza mafuta yaliposhuka. Povu likaisha, na kelele pia.

Karo nimelipa Jumatatu.