AC ya tela dogo la mbegu: anza na boksi, mashine baadaye



Leo naandika kuhusu AC za kufunga kwenye tela dogo. Najua wengine watauliza bwana shamba ana habari gani na AC. Subirini kidogo. Tela la bati likisimama juani kutwa linaua mbegu, na mbegu ikifia ndani ya pakiti hakuna anayejua mpaka mkulima ameshalima, ameshapanda na mvua ya kwanza imeshapita. Hapo ndipo simu zinapoanza kuja kwangu.

Mbegu ni kiumbe hai kilicholala. Mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington, aliacha kanuni mbili rahisi. Joto la mahali pa kuhifadhia likishuka kwa nyuzi 5, muda wa mbegu kuishi huongezeka takriban mara mbili. Unyevu wa ndani ya mbegu ukishuka kwa asilimia 1, huongezeka mara mbili vilevile. Sasa chukua tela lenye nyuzi 42 na stoo yenye nyuzi 22. Tofauti ni nyuzi 20, yaani kuzidisha kwa mbili mara nne: 2, 4, 8, 16. Mbegu ambayo ingekaa miezi 16 stoo, kwa kanuni hiyo inakaa mwezi mmoja kwenye tela. Ni makadirio, na usiku tela hupoa, lakini picha mmeipata. Mahindi na mtama huvumilia kidogo. Vitunguu ndivyo vinavyowahi kufa, na bei ya kopo la mbegu ya vitunguu mnaijua wenyewe.

Yupo dada mmoja muuza pembejeo anayezunguka minada ya Kongwa na Mpwapwa akivuta tela la bati nyuma ya pikapu. Ndani ana shelfu za mbegu, viuatilifu, mizani, na godoro, kwa sababu mnada ukiwa mbali hulala humo humo. Mwezi wa kumi nilimwekea kipimajoto kwenye shelfu ya juu. Saa nane mchana nje kivulini kilisoma nyuzi 33, ndani 46. Akaniambia, "Bwana shamba, hela ya AC ninayo. Niambie tu BTU ngapi." Duka moja mjini lilishamshauri achukue ya 18,000 ili asije kujuta.

Nilimjibu kwamba kabla ya BTU tupime boksi. Tela lake lina urefu wa mita 3, upana mita 1.8 na kimo mita 2. Ukijumlisha paa, sakafu na kuta zote nne unapata mita za mraba 30. Kila mita ya mraba ya bati tupu hupitisha karibu wati 6 za joto kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya nje na ndani. Nje 34, ndani unataka 22, tofauti 12. Zidisha: 30 mara 6 mara 12, unapata wati 2,160. Hapo jua lenyewe halijapiga paa. Ukiliongeza unapita wati 3,000 bila shida, na wati moja ni sawa na BTU 3.4 kwa saa, kwa hiyo unazungumzia zaidi ya BTU 10,000 za kupambana na bati tu.

Sasa bandika ndani foamu ngumu ya kuzuia joto, unene wa sentimita 5, kuta zote, paa na sakafu, kisha funika kwa plaiwudi. Kila mita ya mraba sasa inapitisha chini ya wati moja. Ukuta wote unabaki na wati 250 hivi. Ongeza jua la paani, mtu mmoja aliye ndani ambaye mwili wake hutoa karibu wati 100, na mlango unaofunguliwa mara kwa mara. Jumla ni kama wati 750, yaani BTU 2,600 hivi. Hata nikizidisha mara mbili ili niwe salama, haifiki 6,000. Na AC ndogo kabisa unayoikuta kwa urahisi madukani kwetu ni ya 9,000.

Yaani foamu, plaiwudi, silikoni ya kuziba nyufa, mpira mpya wa mlango na rangi nyeupe juu ya paa vimekata kazi ya mashine zaidi ya mara nne. Kwa wengi wenu kazi inaishia hapo hapo. Kama mnada wako ni wa siku moja, unarudi jioni, na unauza mahindi na alizeti, weka foamu, paka nyeupe, egesha chini ya mkwaju, fungia mbegu kwenye ndoo zenye mfuniko mkavu unaobana, na hela ya AC nunulia mbuzi. Nilimwambia na yeye hivyo. Akasema vitunguu ndivyo vinavyomlipia ada za watoto, na tela halali nyumbani siku nne kwa wiki. Hiyo ni sababu ya kweli, tukaendelea.

Kwa nini nisimwache achukue ya 18,000 kama hela anayo? Kwa sababu ya unyevu. AC hukausha hewa pale inapozunguka muda mrefu: hewa inapita kwenye koili baridi, maji yanaganda kama matone, yanatoka kwa bomba. Mashine kubwa ndani ya boksi dogo hushusha joto kwa dakika chache, inazima, inawaka tena, inazima. Hewa inakuwa baridi lakini mbichi, na mbegu kwenye pakiti za karatasi inaivuta. Masika ndiyo utaona. Kwa hiyo chukua ndogo kuliko zote unayoweza kupata, na iwe ya inveta, ile ambayo kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima kabisa. Zile feni kubwa za maji zinazouzwa kama AC za bei nafuu, usizipeleke karibu na mbegu. Zinapoza kwa kuongeza unyevu kwenye hewa, kinyume kabisa na tunachotafuta.

(Mkisikia fundi anasema "AC ya tani moja", haimaanishi uzito. Ni BTU 12,000 kwa saa, na jina limetoka enzi za kupoza majengo kwa barafu: ni ubaridi wa tani moja ya barafu ya Kimarekani, kilo 907, inayoyeyuka kwa saa 24.)

Kijana wake alikuwa ameona mtandaoni AC za kufunga paani, za matela ya safari ya Marekani, akazipenda. Nyingi ni za BTU 13,500, uzito karibu kilo 40 juu ya paa, na zimetengenezwa kwa umeme wa volti 115 na mizunguko 60. Umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Tuliziacha. Mtumba wa gesi ya R22 nao tuliuacha, hata kama bei ilikuwa tamu. Gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, na nchi kama yetu zimewekewa 2030 kuwa mwaka wa kukaribia kuimaliza. Ukivujisha huko mbele utatafuta gesi kama mafuta ya taa.

Zikabaki aina mbili. Ya dirishani ni kipande kimoja kilichofungwa kiwandani, na kwa barabara za vumbi na makorongo ndiyo ninayoipenda zaidi, ila za inveta ni shida kupatikana. Ya vipande viwili inapatikana kila duka, lakini mabomba yake ya shaba yanaunganishwa na fundi, na kila korongo linayatikisa. Alichukua ya vipande viwili, inveta, BTU 9,000. Kipande cha nje kimekaa mbele, juu ya mkono wa tela, kwenye raba nne nzito, na mabomba yamezungushwa pete moja kabla ya kuingia ndani ili mtikisiko uishie kwenye pete badala ya kwenye nati. Fundi anayekuja bila pampu ya vakyumu mwambie arudi akaichukue. Hewa na unyevu vikibaki ndani ya mabomba, kompresa haina maisha.

Umeme sasa. AC ya kawaida ya 9,000 hula karibu wati 800 ikishazunguka, ila sekunde ile ya kuwaka kompresa hutaka mara tatu hadi tano ya hapo, au hata zaidi. Jenereta ndogo ya kilowati moja itaguna na kuzima. Hii ni faida nyingine ya inveta, huanza polepole. Kumbukeni pia kwamba Dodoma tupo juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na injini ya petroli hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa mwinuko huo, kwa hiyo namba ya kwenye boksi la jenereta ipunguze. Kuhusu sola: betri moja ya maji ya volti 12, 200Ah, ina wati-saa 2,400 kwa jina, na ukitaka idumu unatumia nusu. Nusu hiyo inaendesha AC ya wati 800 kwa saa moja na nusu. Dada huyu alipiga hesabu ya betri sita akacheka. Anachofanya ni kuchomeka kwenye umeme wa nguzo, kwa makubaliano na mwenye duka au nyumba ya wageni, kila panapowezekana. Njiani AC imezimwa, na boksi la foamu lililopozwa alfajiri linafika mnadani saa tano likiwa bado na nyuzi 26.

Sehemu inayofuata nilimwambia hata kama hataki kusikia mengine, aisikie hii. Kuna jamaa alimtafutia AC ya magurudumu, ile yenye bomba moja nene la kutoa joto dirishani. Haihitaji fundi, unachomeka tu. Lakini bomba lile linatupa nje hewa iliyotoka ndani, na hewa iliyotoka lazima ifidiwe, kwa hiyo tela linavuta hewa ya nje kupitia kila upenyo wa mlango na sakafu. Mchana unavuta joto na vumbi. Usiku, ukiwa umelala na jenereta inaunguruma mita mbili nyuma ya tela, unavuta moshi wake. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Hakuna kukohoa kwa kukuamsha. Jenereta ikae mita 6 au zaidi kutoka kwenye tela, upande ambao upepo unaelekea, bomba la moshi likiangalia mbali, hata kama AC yako ni nyingine kabisa. Na kama hamna kifaa cha kulia gesi hiyo inapoingia ndani, mimi nasema usiku jenereta izimwe, ulale na jasho.

Pia AC hizi hazileti hewa mpya. Zinazungusha hewa ile ile. Chupa ya kiuatilifu inayovuja kidogo, ambayo kwenye tela la zamani lenye matundu harufu yake ilikimbia, sasa inazunguka nawe usiku kucha puani. Tulibishana hapa kweli. "Bwana shamba, nikiacha dawa, nusu ya wateja wanapita." Nikamwambia, "Dada, chagua: ama dawa zilale ndani ama wewe." Sasa dawa zipo kwenye sanduku la chuma lenye kufuli nje ya tela, upande wa nyuma, lenye matundu ya hewa na kivuli cha bati. Kila jioni analilalamikia kwa sababu ni zito kulifungua.

Msitarajie AC ifanye kazi ya friji. Nyingi hazishuki chini ya nyuzi 16. Chanjo za kuku zinazotaka nyuzi 2 hadi 8 bado zinahitaji friji au kibaridi chenye barafu. Maziwa na samaki, vilevile.

Matunzo si mengi. Kichujio cha ndani kioshwe kila wiki minada ya kiangazi, maana vumbi la Kongwa halina huruma. Kipande cha nje kisifunikwe kwa turubai wala kupakiwa magunia kikiwa kinafanya kazi. Bomba la maji literemke nje bila kupinda, na tela liegeshwe sawa, la sivyo maji yanarudi kwenye shelfu. Mara moja kwa mwezi paka povu la sabuni kwenye nati za shaba. Likitoa mapovu, gesi inavuja, itwe fundi kabla hujamaliza yote.

Na masika, kopo la mbegu likitoka kwenye ubaridi kwenda kwenye hewa ya nje, usilifungue papo hapo. Litatoa jasho kama chupa ya soda, na jasho likiingia ndani umeharibu mbegu. Liache mezani limefungwa saa moja au mbili, mpaka ukiligusa halina ubaridi, ndipo umpimie mteja.

Mwenye tela la vipimo vingine alete urefu, upana na kimo siku ya Jumatano ofisi ya kata, tutapiga hesabu pamoja kabla hajaenda dukani.