Nilimnyima mwanangu dawa nikidhani amepona

Ilikuwa usiku wa manane mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ikipenya hadi mifupani. Niliamshwa na mlio kama wa filimbi kutoka chumba cha watoto. Kifungua mimba wangu, mwenye umri wa miaka 9, alikuwa ameketi kitandani, mabega yamepanda, mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Nilipomwuliza kulikoni, hakuweza kumaliza sentensi.

Baba yake alikuwa safarini. Nilichukua inhela yake ya samawati, nikampulizia. Alipata nafuu kidogo, kisha pumu ikarudi kwa kishindo. Ni jirani yetu aliyetukimbiza hospitalini kwa gari lake.

Katika chumba cha dharura alipewa oksijeni na kuvutishwa dawa ya kupanua mirija ya pumzi kila baada ya dakika 20. Kabla ya saa moja kwisha, daktari alimpa pia tembe za prednisoloni. Nilishangaa. Tembe za nini, ilhali shida ni kupumua?

"Mama," alinieleza, "hii anayovuta hulegeza misuli iliyobana mirija, na hufanya kazi kwa dakika chache. Lakini ndani mirija imevimba na kujaa makohozi. Uvimbe huo dawa yake ni steroidi, nazo huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana tunazianza mapema."

Kisha akaniuliza swali lililonichoma moyoni: "Na ile inhela ya kahawia, anaitumia?"

Niliinamisha kichwa. Hiyo ndiyo yenye steroidi ya kuvuta kila siku. Niliitumia kwa wiki chache, nikaona mtoto halii filimbi tena, nikaitupa kabatini. Isitoshe, rafiki yangu kazini alikuwa amenitia hofu kwamba steroidi humdumaza mtoto na kumfanya mtumwa wa dawa.

Daktari hakunikaripia. Alisema dawa hiyo huvutwa kwa kiasi kidogo, huenda moja kwa moja mapafuni, wala haileti uraibu. Inaweza kupunguza kimo cha mtoto kidogo tu, lakini pumu iliyoachwa bila kudhibitiwa inaweza kumwua. Alinikumbusha kwamba kila baada ya kuivuta, mtoto asukutue mdomo na kutema maji, asije akaota utando mweupe kinywani.

Nilimwuliza kama ingemfaa usiku ule. Akasema baadhi ya hospitali huiongeza kwenye matibabu ya dharura, ila haichukui nafasi ya tembe. Kazi yake kubwa ni kumzuia mgonjwa asifike pale.

Baadaye nilijifunza kwamba tangu mwaka wa 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu umeshauri watu wazima na vijana wa kuanzia miaka 12 wasitegemee inhela ya kutuliza peke yake.

Siku hizi inhela ya kahawia hukaa kando ya mswaki wa mwanangu, asubuhi na jioni. Mzazi mwenzangu, ukiona mwanao anaiomba ile ya samawati kila mara, usifurahi kwamba inamsaidia. Hiyo ni kengele ya hatari. Mpeleke kwa daktari. Majuto ni mjukuu, nami nusura anizaliwe usiku ule.