Si neti: sekunde tano za Kawangware

Leo nawaletea kisa cha kompyuta zilizowekewa mfumo mpya zikawa nzito kuliko zamani, na jinsi tulivyomnasa mwizi wa muda. Kuna amri chache za Linux humu ndani, lakini usitishike, nitaeleza moja moja.

Kuna mama mmoja ninayemsaidia mambo ya kompyuta. Ana saiba mbili: moja Kibera, upande wa Makina, na nyingine Kawangware, karibu na soko. Mteja hulipa shilingi moja kwa dakika. Wengi huja kwa ajili ya eCitizen, fomu za KRA na maombi ya kazi. Mwaka jana aliita fundi, akaweka Debian mpya kwenye saiba zote mbili. Kibera mambo yakawa shwari. Kawangware kila tovuti ikawa inajivuta kabla ya kufunguka, na wateja wakaanza kuhamia jirani.

Huku mtaani tuna jibu moja kwa kila kitu: "Ni neti." Na tuna sababu. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Mombasa mwezi Julai 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali kwenda na jibu kurudi lilikula karibu nusu sekunde hata siku njema. Tulizoea kungoja. Shida ya mazoea hayo ni kwamba ukizoea kungoja, hugundui siku sababu ya kungoja inapobadilika.

Mama alikuwa na maelezo yake: kijana wa kaunta anapakua sinema usiku na mchana. Alipanga kumfuta kazi mwisho wa mwezi, kisha alipie kifurushi cha bei ya juu zaidi. Nikamwomba, "Mama, nipe Jumamosi moja kabla hujamfuta." Akanijibu, "Haya mwanangu, lakini uniletee jibu, usiniletee Kizungu."

Nilianza kwa kupima neti yenyewe. Ping kwenda 8.8.8.8 ilirudi haraka bila kupoteza pakiti hata moja. Faili kubwa lilishuka kwa kasi ile ile ya Kibera. Halafu kijana akanionyesha kitu: kwenye kona kulikuwa na mashine moja nzee ambayo fundi hakuifikia, na hiyo ilikuwa inafungua tovuti mara moja. Ruta moja, waya wa aina moja, mashine mbili, tabia mbili. Basi neti nikaiweka kando.

Kwenye mashine mpya nikaandika:

time getent ahosts wikipedia.org
time getent ahostsv4 wikipedia.org

Amri zote mbili zinauliza tovuti hiyo iko kwenye anwani gani. Ya kwanza inataka anwani za IPv4 na IPv6, ya pili inataka za IPv4 peke yake. Ya pili ilijibu papo hapo. Ya kwanza ilichukua sekunde tano. Nikarudia mara kumi, sekunde tano zile zile.

Hapo ndipo nilipotabasamu. Neti iliyojaa haichelewi kwa kipimo: mara mbili, mara saba, mara inakata kabisa. Sekunde tano kamili kila mara maana yake kuna programu mahali fulani imeambiwa ingoje sekunde tano. Na kweli, huo ndio muda wa kawaida ambao glibc hungojea jibu la DNS.

Glibc ni maktaba ya msingi ya Linux nyingi. Programu ikitaka kujua anwani ya tovuti, mara nyingi huiuliza hiyo. Tangu toleo la 2.9, lililotoka mwaka 2008, glibc huuliza maswali mawili kwa pamoja kupitia soketi moja: IPv4 na IPv6. Ni wazo zuri, linaokoa muda. Lakini kuna ruta ambazo zikipewa maswali mawili kwa mpigo hujibu moja na kulitupa la pili. Niliwasha tcpdump nikaona kwa macho yangu: maswali mawili yanatoka, jibu moja linarudi, kimya cha sekunde tano, kisha maswali yanaulizwa tena moja baada ya jingine na yote yanajibiwa. Ruta ya Kibera ni ya aina nyingine, na haina ugonjwa huo.

Maktaba hujifunza baada ya kukosa jibu mara moja, lakini kumbukumbu hiyo hukaa ndani ya programu inayoendelea tu. Ukiifunga na kuifungua, unalipa tena. Ndiyo maana wateja walisema "leo afadhali, jana mbaya."

Na ile mashine ya kona? Ndani ya /etc/resolv.conf yake kulikuwa na mstari huu:

options single-request

Maana yake: uliza moja kwanza, ukijibiwa uliza la pili. Mtu fulani aliwahi kukutana na shida hii, akaitibu, akaondoka bila kuandika sababu. Mfumo mpya ulipowekwa, dawa ikafutika. Niliurudisha mstari kwenye mashine zote, nikahakikisha haufutiki zikiwashwa upya, na juu yake nikaandika maelezo kwa alama ya #. Kijana yuko kazini hadi leo. Kifurushi hakikununuliwa.

Machi 2024 Andres Freund aliona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wangepuuza. Yeye alifuatilia hadi kwenye maktaba ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, akakuta mlango wa siri uliopandikizwa makusudi.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu neti, au mtu wa kaunta, andika zile amri mbili za getent na uangalie saa. Ukiona namba inajirudia bila kubadilika, ifuate. Na ukipata dawa, andika sababu yake pale pale kwa ajili ya fundi ajaye. Tuonane tena.