Gari la Watu Wote

Kitu cha watu wengi kina wapenzi wengi, lakini walinzi wake ni wachache. Kisima cha kijiji husifiwa na kila mtu siku ya kiu. Siku kamba yake inapokatika, kila mtu humtazama jirani yake. Wewe, msomaji kijana, pengine hujakaa bado katika halmashauri yoyote, isipokuwa ile ya chama cha mjadala shuleni kwenu. Lakini siku si nyingi utaitwa. Utaambiwa, "Wewe umesoma, kaa hapa utusaidie." Mimi niliitwa hivyo, nikakaa, nikakosa. Nakuandikia habari ya kosa langu ili wewe utakapoitwa ukae vizuri kuliko nilivyokaa mimi.

Mimi ni mwalimu. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha katika kijiji kimoja cha Kwale, mbali na barabara ya lami. Matatu hazifiki huko ila siku ya soko, kwa sababu abiria ni wachache na mashimo ni mengi, na mfanyabiashara hawezi kulaumiwa kwa kuikimbia hasara. Pikipiki zipo, nazo humfaa mtu mzima mwenye afya. Lakini hazimfai mama mwenye uchungu wa kuzaa, wala mzee aliyevunjika nyonga, wala mtoto asiyeweza kutembea. Hao ndio waliokuwa wakibaki nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na usafiri wa umma kwa kadiri ifaayo. Lakini haki iliyoandikwa kitabuni haina magurudumu. Magurudumu yake hutafutwa na watu.

Basi wanakijiji walifanya harambee. Mwenye mbuzi alitoa mbuzi, mwenye nazi alitoa nazi, na wana wa kijiji waliokuwa wakifanya kazi Mombasa walileta fedha. Likanunuliwa gari lililokwisha kutumika, lenye viti 14, na viti viwili vikang'olewa ili kiti cha magurudumu kipate nafasi. Shirika letu halikutafuta faida. Aliyekuwa na nauli alichangia mafuta. Asiyekuwa nayo alipanda bure. Na kilichosalia kiliwekwa akiba kwa ajili ya matengenezo. Asubuhi gari lilipeleka watoto shuleni, mchana wagonjwa zahanati, na usiku lilingoja mama wajawazito.

Tulichaguliwa watu saba kuwa halmashauri yake. Mwenyekiti alikuwa mzee mstaafu, mwenye heshima kwa wakubwa na wadogo. Mweka hazina alikuwa mama mmoja muuza mahamri, ambaye hakusoma sana, lakini hesabu zake hazikupata kukosea hata senti moja. Mimi nilifanywa katibu, na sababu iliyotolewa ni kwamba mwandiko wangu unasomeka.

Nakuungamia, msomaji, kwamba niliuona uchaguzi ule kuwa heshima, wala sikuuona kuwa kazi. Tulikutana mara moja kwa mwezi chini ya mwembe. Tulizungumza juu ya rangi ya gari, juu ya maneno yatakayoandikwa ubavuni mwake, na juu ya nani atakayeketi mbele siku wageni watakapotutembelea. Tulikunywa chai, tukaagana kwa furaha. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyegombana, nami nilidhani kwamba halmashauri isiyo na wezi wala ugomvi ni halmashauri njema.

Jioni moja, jua likikaribia kutua, yule mama aliuliza, "Mwalimu, bima ya gari inakwisha lini, na nani anayeishika tarehe yake?"

Mwenyekiti alitabasamu. "Mama, hayo ni mambo ya dereva," alisema. "Tukimchunguza sana kijana wa watu tutamvunja moyo."

Watu walicheka kidogo. Mama alinyamaza. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, na madaftari ya wanafunzi yalikuwa yakiningoja nyumbani. Sikuliandika swali lile. Nilijiambia kwamba swali lisilopata jibu si jambo la mkutano. Na katika moyo wangu kulikuwa na sababu nyingine, kwamba kuliandika kungekuwa kama kumwaibisha mzee. Nikaandika, "Mkutano ulifungwa kwa amani."

Mwezi uliofuata, usiku, gari letu lilisimamishwa na polisi barabarani. Ndani yake alikuwamo mama mwenye uchungu, na mama yake mzazi akimshika mkono. Askari alimulika kioo kwa kurunzi, akasoma cheti cha bima: muda wake ulikuwa umepita siku 11. Sheria ya Kenya hairuhusu gari kutembea barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine, na askari yule alitenda kazi yake. Alitenda na zaidi ya kazi yake, maana alisimamisha matatu tupu iliyokuwa ikirudi nyumbani, akamsihi mwenye matatu ampeleke mgonjwa hospitali. Mtoto alizaliwa muda mfupi baada ya kufika. Mama na mtoto walipona, nami hushukuru kila ninapowaona. Lakini kupona kwao hakukutokana na halmashauri yetu hata chembe.

Gari lilizuiwa. Dereva alishtakiwa. Siku ya kesi tulikwenda kortini wote saba, tukaketi nyuma kwenye benchi tukiwa tumevaa nguo nzuri. Na aliyesimama kizimbani peke yake alikuwa kijana yule ambaye hatukutaka kumvunja moyo. Faini tulilipa sisi kwa fedha za akiba. Aibu aliilipa yeye. Darasani mwangu kulikuwa na msichana mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Kwa siku 9 mahali pake palikuwa patupu. Kila nilipoita majina asubuhi, nilipofika kwenye jina lake niliweka alama ya kutokuwapo, na kalamu iliyoweka alama ile ilikuwa ileile iliyokataa kuandika swali.

Katika siku hizo nilirudia kusoma habari za mji wa Montgomery, katika jimbo la Alabama, Marekani. Chuoni nilizisoma kama habari za ushujaa: Rosa Parks alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti katika basi, na watu weusi wa mji ule wakayasusia mabasi kwa siku 381. Safari hii nilizisoma kama katibu wa halmashauri ya gari, nikaona jambo ambalo mwanafunzi halioni upesi. Watu wasiopanda basi lazima wafike kazini. Nani aliyewapeleka?

Waliwapeleka wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 5 Desemba 1955 waliunda chama, wakamchagua Martin Luther King, aliyekuwa na umri wa miaka 26, kuwa mwenyekiti. Mwanzoni madereva wa teksi weusi walipakia watu kwa nauli ya basi, senti 10. Wakuu wa mji wakawazuia kwa kushika sheria ya nauli ya teksi isiyopungua senti 45. Ndipo King akamwuliza mchungaji Theodore Jemison wa mji wa Baton Rouge, ambako watu walikuwa wamewahi kufanya jambo kama lile mwaka 1953, akapata shauri lake. Kamati ya usafiri ikakusanya magari karibu 300 ya watu binafsi, ikaweka vituo vya kupandia na kushukia, ikapanga saa. Mwenyekiti mwenyewe aliendesha gari kupakia watu. Tarehe 26 Januari 1956 alikamatwa kwa kushitakiwa kwenda maili 30 kwa saa mahali pa maili 25. Katika halmashauri alikuwamo Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, mtu wa kazi yangu. Yeye ndiye aliyeandika na kuchapisha usiku kucha karatasi za kuwaita watu kususa, kisha akaendesha gari lake kupakia wenzake, akahariri na jarida la chama.

Lakini lililonichoma zaidi ni habari ya bima. Mnamo Septemba 1956 magari makubwa ya makanisa yaliyotumika katika kazi ile yalinyang'anywa bima. Adui zao walijua kwamba gari lisilo na bima ni gari lililokufa, hata injini yake ikinguruma. Halmashauri haikusema kwamba hayo ni mambo ya dereva. Ilitafuta kila mlango, hata wakala mmoja mweusi wa Atlanta, T. M. Alexander, akawapatia bima kutoka Lloyd's ya London, ng'ambo ya bahari. Fikiri, msomaji: wao walinyang'anywa bima kwa hila, wakaitafuta hadi nchi nyingine, sisi hatukunyang'anywa na mtu, tuliiacha ikafa yenyewe mikononi mwetu.

Wala usidhani kwamba halmashauri ile haikuwa na mitihani ya ndani. Juni 1956 katibu wake alijitenga, akadai mbele ya watu kwamba fedha za chama zinatumiwa vibaya. Siku chache baadaye akayafuta madai hayo mbele ya mkutano mkubwa kanisani. Mimi sikukusudia kuhukumu kesi ile. Nililotwaa ni hili: chama kilichokuwa na mikutano ya watu kila juma kilikuwa na mahali pa kulijibu jambo kama lile waziwazi. Sisi tulikuwa na mwembe na chai. Tarehe 13 Novemba 1956, siku ileile ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliuthibitisha ushindi wao, mahakama ya Alabama iliyapiga marufuku magari yao. Nao wakaenda kwa miguu, wakavumilia hadi tarehe 21 Desemba walipopanda basi na kuketi walipotaka.

Nilikifunga kitabu, nikaenda kwa mwenyekiti. Nilimwambia, "Mzee, naomba tuwaite watu." Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Waite, mwanangu. Nami nina la kusema."

Siku ya baraza nilisimama nikasoma kumbukumbu za mkutano ule, nikawaambia watu kwamba kuna swali liliulizwa nami sikuliandika. Nilimwomba radhi dereva mbele ya wote, na mama mwuliza swali pia. Yule mama alijibu, "Mwalimu, daftari lako lina mwandiko mzuri. Sasa litie na maneno." Watu walicheka, nami nilicheka nikiwa na machozi. Kisha mwenyekiti alisimama, akaivua kofia yake. "Nilidhani heshima ni kutoulizwa," alisema. "Leo nawaombeni mniulize." Na watu wakamwuliza hadi jioni.

Tokea siku ile tulibadili mwendo. Kila swali huandikwa pamoja na jina la atakayelijibu na tarehe ya jibu. Tarehe za bima, ukaguzi na matengenezo zimeandikwa katika ubao ukutani, watu wote wanaziona. Hesabu husomwa mbele ya watu kila mwezi, mapato na matumizi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mjumbe anayeweza kulituma gari kwa neno la mdomo, na mwenye ndugu katika jambo linaloamuliwa hutoka nje wenzake wakiamua. Uenyekiti umewekewa muda, ili kiti kisimzoee mtu wala mtu asikizoee kiti.

Pengine utaniambia kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, iwapo nahodha wote wanagombania usukani. Lakini kazi ya halmashauri si kushika usukani. Usukani ni wa dereva. Kazi ya halmashauri ni kujua chombo kinakwenda wapi, kinamchukua nani, kina mafuta kiasi gani, na breki zake zimetazamwa na nani. Tena ni kumlinda dereva, asije akasimama kizimbani kwa kosa la waliomtuma. Kazi hiyo haina shangwe. Hufanywa kwa maswali madogo, yenye kuchosha, yaulizwayo wakati jua linatua na kila mtu anataka kwenda kwake.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami, baada ya kukosa, naongeza kwamba kunyamaza si adabu siku zote. Uko ukimya wa heshima, na uko ukimya wa uvivu uliovaa kanzu ya heshima. Utakapokaa katika halmashauri, iwe ya shule, ya kisima, ya msikiti, ya kanisa au ya gari, utaujua ukimya huo wa pili kwa alama moja: utaufurahia.

Leo gari letu bado linakwenda. Msichana yule amefika sekondari, na huenda akausoma ukurasa huu akajua kwa nini siku 9 zile hakuja darasani. Mama muuza mahamri bado ni mweka hazina, na kila mwezi huuliza swali lilelile, "Bima inakwisha lini?" Jibu analijua, maana limeandikwa ubaoni mbele ya macho yake. Huuliza vivyo hivyo, nami huliandika.