Ghala la Maneno

Seva ya barua pepe hutenga barua njema na barua taka kwa kumbukumbu. Programu iitwayo SpamAssassin huvunja kila barua vipandevipande, ikahesabu kila neno limeonekana mara ngapi katika njema na mara ngapi katika taka. Kisha hukadiria kwa kanuni yenye jina la Thomas Bayes, kasisi Mwingereza aliyefariki mwaka 1761. Kwa kawaida haihukumu kwa kumbukumbu hiyo mpaka ifundishwe barua 200 za kila upande. Hukumu ya haki husikiliza pande mbili.

Ghala hilo hujaa. Kikomo chake cha kawaida ni vipande 150,000; likizidi hufagiliwa, na hutupwa maneno yasiyoonekana kwa muda mrefu. Usafi huu ni wa lazima, maana ghala lililofurika huchelewesha kazi. Lakini ufagio hujua tarehe, haujui thamani. Penye barua nyingi za Kiingereza, neno la Kiswahili lijalo mara moja kwa muhula laweza kufutwa mapema. Neno lisilojulikana halishtaki wala halitetei. Basi mwanafunzi aombaye muda wa kulipa ada hubaki na neno "pesa" likimshtaki, na shahidi hana.

Kwa hiyo mtunzaji mwema hufagia kwa mkono mmoja, hufundisha kwa mwingine: huitoa barua njema katika taka, akaionyesha programu kuwa ni njema. Nasi wenye lugha tuna wajibu wetu. Tuandikiane kwa Kiswahili mara kwa mara, kwani mashine hukumbuka linalotumiwa.