Kutoka Lamu Kwenda Kutafuta Mikanda

Tuliteremka gatini Lamu baada ya sala ya alfajiri, mabinti tisa, mwalimu wao, na sisi mama wanne, kila mmoja na kikapu chake. Maji yalikuwa yamejaa, na boti ya Mokowe ilikuwa ikingoja abiria wa mwisho. Mabinti walivaa mabuibui yao kama siku zote. Lakini ndani ya mikoba, zimekunjwa kwa uangalifu kuliko nguo za Idi, zilikuwamo nguo nyeupe za karate na mikanda ya kufungia kiunoni. Tulikuwa tukienda Mombasa kwa mtihani wa mikanda.

Darasa letu hukutana Jumamosi na Jumapili, baina ya alasiri na magharibi, katika ua wa nyumba moja mtaani Langoni. Mwalimu ni binti wa papa hapa, aliyepata mkanda mweusi alipokuwa akisoma Mombasa. Alipoanza, wazazi walikuwa na swali moja zito kuliko yote: ile desturi ya kuinama. Katika kumbi nyingi za karate wanafunzi hupiga magoti na kuinama mbele ya picha ya mwasisi, kisha mbele ya mwalimu. Wapo wanaosema kwamba hiyo ni adabu tu, mfano wa kumwamkia mkubwa. Sisi hatukutaka kujipa fatwa wenyewe, tukalipeleka suala kwa maustadhi wetu, na mwalimu akakubali walivyoshauri: watoto wasimame wima, mkono kifuani, na watoe salamu. Picha haipo. Tangu siku hiyo darasa likajaa.

Kutoka Mokowe basi lilishika njia ya Hindi na Witu. Mwenye kuijua barabara hii anajua kwamba safari hupimwa kwa vizuizi. Mara kwa mara tuliteremka, tukapanga mstari, tukaonyesha vitambulisho, mifuko ikatazamwa. Askari mmoja alifungua mkoba wa binti na kutoa mkanda wa rangi ya chungwa. Akautazama, akamtazama mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na moja asiyefika begani mwake, akamuuliza, “Huu ni wako kweli?” Binti akamjibu, “Ndiyo, na jioni nitaurudisha.” Watu wakacheka. Maana yake ilikuwa kwamba jioni angekuwa na mkanda wa kijani.

Huyo ndiye tutakayemzungumzia zaidi. Mama yake hushona kofia kwa mkono, kazi ambayo kofia moja yaweza kumla miezi, na nauli ya wawili pamoja na ada ya mtihani ilikuwa imetoka katika kofia moja nzima. Jambo hilo sote tulilijua, na mtoto alilijua pia. Tulipovuka Mto Tana kule Garsen alikuwa bado akisogeza mikono mapajani, midomo ikimchezacheza, akipitia kata yake kimyakimya huku wenzake wakila mahamri.

Kata ni mfululizo wa mapigo na vizuizi vilivyopangwa, ambao mtu huucheza peke yake kana kwamba amezungukwa na maadui. Hiyo ni nguzo moja ya mtihani. Nyingine ni misingi, yaani kusimama, kupiga ngumi, kukinga na kurusha teke kwa amri, na ya tatu ni kumite, kupambana na mwenzako. Kata aliyopaswa kuionyesha binti yetu huitwa Heian Nidan, nayo ina hatua ishirini na sita. Kata za Heian zilitungwa na Itosu Anko, mwalimu wa kisiwa cha Okinawa, alipokuwa akiingiza karate katika shule za huko mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwanafunzi wake, Funakoshi Gichin, mzaliwa wa Shuri na mwalimu wa shule vilevile, ndiye aliyeipeleka Tokyo mwaka 1922. Tukiwa watu wa kisiwa, habari hiyo hutupendeza. Okinawa nayo ilikuwa nchi ya bandari na mabaharia, iliyofanya biashara na China kwa karne nyingi, na karate yenyewe imechanganyika na mbinu za kutoka China kama lugha yetu ilivyochanganyika na maneno yaliyokuja na pepo za kaskazi. Mikanda na madaraja si vya kale hivyo. Funakoshi aliuchukua utaratibu huo kwa Kano Jigoro, mwasisi wa judo, na akatoa vyeti vyake vya kwanza vya dani mwaka 1924.

Malindi tulipumzika kidogo, Kilifi tukapita darajani, na jua lilikuwa limekwisha kupinduka tulipoingia Mombasa kwa daraja la Nyali. Ukumbi ulikuwa upande wa Makupa, wenye mapaa ya mabati na joto la tanuri. Tuliwakuta mabinti wa vilabu vingine vya pwani, wengi kwa hijabu, wengine bila. Kabla ya kuanza, mkaguzi mkuu, mzee mwenye ndevu nyeupe na mkanda uliochakaa hadi pamba yake ikaonekana, aliuliza kama wasafiri wameshasali. Hatukuwa tumesali. Basi mikeka ikatandikwa, na wale waliokuwa wakitazamana kwa jicho la ushindani wakajikuta bega kwa bega nyuma ya imamu mmoja.

Misingi ilipita vyema. Kisha binti yetu akaitwa kwa kata, peke yake, katikati ya sakafu.

Alianza kama alivyofundishwa, na kwa kweli tulijivuna. Hatua ya kumi na moja ni mkono ulionyooshwa kama mkuki, ukifuatana na ukelele uitwao kiai, na sauti yake iligonga mabati. Baada ya hapo ipo zamu ngumu: mwanafunzi hugeuka kwa kuzungukia kushoto, robo tatu za duara, na hatimaye uso wake huelekea upande wa kulia. Mtoto alitua kidogo, pengine kuvuta pumzi tu. Sisi kwenye benchi, tuliokuwa tumeitazama kata hiyo uani jioni nyingi kiasi cha kuiota, tukadhani amesahau. Mmoja wetu akanong'ona, “Kulia!” Mwingine akaitikia, “Kulia, mwanangu, kulia!”

Akasikia. Badala ya kuzunguka kwa kushoto, akageuka moja kwa moja kulia, mguu usio wake mbele. Hatua zilizobaki alizimaliza zote bila kutetereka, lakini kata ina hesabu yake: aliyeicheza sawasawa hurejea mahali alipoanzia. Yeye alimalizia hatua mbili mbali na alama, akaitazama ile alama ya chokaa sakafuni, kisha akatutazama sisi.

Majina yaliposomwa, wanane walipanda daraja. Yeye hakutajwa.

Mama yake alinyanyuka kwenda kwa mkaguzi, nasi tukamfuata, maana tuliona ni dhuluma. Tulimweleza safari, vizuizi, kofia. Mmoja wetu alisema maneno ambayo leo tunayaonea haya, kwamba kitambaa cha kijani hakimpunguzii yeye kitu. Mzee alitusikiliza mpaka tukanyamaza. Kisha akasema, “Mama zangu, mtoto huyu anaijua kata yake. Alijua hata pale aliposimama. Nyinyi ndio mliomsahaulisha.” Akaongeza kwamba angempa mkanda kwa ajili ya nauli, mtoto angeufunga kila siku akijua alivyoupata, na kwamba amwone tena baada ya miezi mitatu.

Tulitoka na hasira. Hatudai kwamba tuliielewa hekima hiyo palepale. Usiku, katika nyumba ya jamaa tuliyofikia Kibokoni, mama yule hakula.

Siku ya pili yalikuwa mashindano madogo ya kumite baina ya vilabu, na binti yetu aliomba ashiriki hivyo hivyo na mkanda wake wa chungwa. Mwalimu aliwakagua hijabu mmoja mmoja: kitambaa kimoja cha kuvutwa kichwani, bila pini hata moja, kwa sababu pini ni hatari kwa mwenye kuivaa na kwa mpinzani. Shirikisho la karate duniani linairuhusu hijabu ya namna hiyo, na katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Giana Farouk wa Misri alipata medali ya shaba akiwa ameivaa. Mabinti wetu wanalijua jina lake kama wanavyojua majina ya shangazi zao.

Kisa kingine cha Tokyo wanakijua pia, kwa sababu mwalimu huwasimulia kila anapoona ngumi imezidi. Katika fainali ya wanaume wazito, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza kwa pointi nne kwa moja, dhahabu ya kwanza ya nchi yake ikiwa mbele ya macho. Akarusha teke kichwani mwa Sajad Ganjzadeh wa Iran, likampiga kwa nguvu akaanguka na kubebwa kwa machela. Waamuzi wakamwondoa Hamedi kwa kuvuka kiasi, na dhahabu ikaenda kwa yule aliyekuwa amelala. Katika karate ya mashindano mpigaji hutakiwa kuimiliki nguvu yake pigo linapofika.

Binti yetu alishinda pambano moja na kushindwa la pili kwa pointi moja. Hakutazama benchini hata mara moja. Nasi tulikaa tumefumba vinywa kwa mikono, kwa maana halisi ya neno hilo.

Tukiwa njiani kurudi, yule mama alizungumza kwa mara ya kwanza tulipofika Witu. Alisema kwamba alikuwa akinong'ona kila mahali: shuleni mtoto alipoulizwa jina, madrasa alipokuwa akisoma mbele ya ustadhi, dukani alipotumwa sukari. Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa akihesabu ya kwake. Binti alikuwa amelala, kichwa kwenye kikapu.

Miezi mitatu inakaribia kutimia. Kofia nyingine imeanzwa, na majirani wamechangia nauli kimyakimya. Sisi mama wanne tutasafiri tena, inshallah, lakini tumekubaliana kungoja nje ya ukumbi na vyakula vyetu mpaka majina yasomwe. Binti mwenyewe ameomba jambo moja tu: anapofanya mazoezi uani, tusihesabu.