Somo Moja kwa Wiki: Gitaa Lilivyonirudisha Shambani

Ndugu mkulima, leo sianzi na mbegu wala viuatilifu. Naanza na gitaa, ila vumilia kidogo, habari hii inaishia shambani.

Nilinunua gitaa la mtumba mjini Musoma. Nimekua nikisikia redioni Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz na Mara Jazz ya mkoa wetu. Nilipoona kwenye simu tangazo la masomo ya gitaa la jazz, nikajiunga haraka. Malipo yalikuwa dola 15 kwa mwezi, karibu shilingi 40,000, na bando juu yangu.

Somo la kwanza lilinishangaza. Bendi zetu ziliitwa jazz lakini zilipiga dansi, lenye rumba ya Kuba na Kongo ndani yake. Mwalimu huyu alifundisha jazz ya Marekani. Alianza na kodi tatu (si za TRA, ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja): D, G, kisha C. Wanaziita mbili-tano-moja, kwa sababu ukihesabu do-re-mi, re ni ya pili, sol ya tano, do ya kwanza. Nyimbo nyingi za jazz zimejengwa juu ya hizo.

Masomo yalikuwa mamia. Kwa kuwa nimelipia, nikayala kama mwenye njaa: matano kwa usiku mmoja. Baada ya miezi mitatu shilingi 120,000 zimekwenda, na bado sikuweza kutoka D kwenda G bila kusimama kutafuta vidole.

Wakati huohuo nilikwenda Butiama kumtembelea mama mmoja niliyemfundisha kilimo cha muhogo. Mistari ilinyooka, mita moja kwa mita moja, kama nilivyosema. Lakini majani yalikuwa yamejikunja, yana mabaka ya njano. Ni batobato. Vipando alivitoa kwenye shamba lake la zamani lililokuwa linaumwa.

"Mama, si nilisema uchague vipando visivyo na ugonjwa?"

"Ulisema, mwanangu. Ulisema mambo saba asubuhi moja. Nilifika nyumbani na nafasi ya kupanda tu."

Sikuwa na jibu. Njiani kurudi Bunda nililiona gitaa langu. Nilimfanyia yule mama kile nilichojifanyia mwenyewe, ila mimi nilipoteza hela ya bando na yeye alipoteza msimu.

Nikabadilisha. Kwenye gitaa: somo moja kwa wiki, video naipunguza kasi hadi nusu, dakika 15 kila jioni. Nalipia mwezi mmoja, kisha miezi miwili nafanya mazoezi tu. Shambani: jambo moja kwa kila ziara, na siondoki kabla mkulima hajalifanya kwa mikono yake mbele yangu. Kwa yule mama tulitembea katika shamba la jirani lenye afya, yeye akichagua mashina na kuyafunga vitambaa, mimi nikinyamaza. Msimu uliofuata alipanda kutoka kwenye mashina hayo, na majani yalitoka yamenyooka.

Kwa wanaotaka kulipia masomo ya mtandaoni, yawe ya gitaa, ushonaji au ufugaji:

1. Simamisha malipo ya kujirudia siku ileile unayojiunga. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi makato.
2. Uliza kama masomo yanapakuliwa, usije ukalipa bando mara mbili kwa somo moja.
3. Usifungue somo la pili kabla mikono haijalijua la kwanza.

Leo natoka D kwenda G hadi C bila kusimama. Polepole, lakini sisimami.

Nikija kwako nikaanza kusema mambo saba, nikatize. Niambie: bwana shamba, leo moja tu.